Leseni ipi? Karatasi za rubani na njia ya kijana wa Unguja na Pemba

Ukipanda Caravan, ile ndege ndogo ya injini moja, asubuhi kutoka Unguja kwenda Pemba na ikajaa, abiria mmoja hupewa kiti cha mbele kulia, ubavuni mwa rubani. Watu hukipigania kiti hicho kwa ajili ya picha. Kwa anayeijua kazi, kiti hicho kinasema jengine: ndege hii imethibitishwa kurushwa na mtu mmoja, na mtu huyo anaweza kuwa kapteni wake akiwa na leseni ya rubani wa biashara, CPL. Uwanja uleule, kwenye ATR inayopakia abiria wapatao 70, hakuna abiria atakayekaribishwa mbele, na anayekaa kiti cha kushoto lazima awe na leseni ya juu kuliko zote, ATPL. Msaidizi wake wa kulia anaweza kuwa na CPL ileile ya rubani wa Caravan.

Kwa hivyo kijana akirudi nyumbani na kusema "nimepata leseni", kabla ya vigelegele aulizwe: ipi? Wapo wazee waliouza shamba la mikarafuu, wakaongeza na kiwanja, kijana akarudi na leseni ya rubani binafsi, PPL, halafu nyumba nzima ikakaa kungoja mshahara. PPL haina mshahara. Ni leseni halali, tena ya jasho, na mwenye nayo anaweza kupakia jamaa zake akawazungusha juu ya Chumbe na Mnemba. Akipokea malipo kwa kazi hiyo, amevunja sheria.

Mgawanyo huu chanzo chake ni Mkataba wa Chicago wa tarehe 7 Desemba 1944, uliozaa ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga. Kiambatisho cha kwanza cha mkataba kinahusu leseni peke yake. Kwetu leseni hutolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA. Usafiri wa anga ni jambo la Muungano, kwa hiyo hakuna leseni ya rubani ya Zanzibar. Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Zanzibar kazi yake ni viwanja, na anayekwenda huko kuulizia leseni amepanga foleni isiyo yake. Takwimu zinazofuata ni viwango vya chini vya ICAO. Nchi inaruhusiwa kuongeza juu yake, kama Ulaya inavyotaka saa 45 za PPL pale ICAO inapotaka 40. Zisomwe kanuni za nchi utakayosomea kabla senti ya kwanza haijatoka.

Na kabla ya chuo, daktari. Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa sababu vijana hulipa ada kwanza na kupimwa baadaye. Cheti cha afya kina madaraja. PPL inataka Daraja la Pili; CPL na ATPL zinataka Daraja la Kwanza. Anayekusudia kuifanya kazi hii apimwe Daraja la Kwanza tangu siku ya mwanzo, hata kama anaanza na PPL, maana hakuna faida ya kujua kikwazo baada ya saa 60 za ndege. Vipimo hufanywa na daktari aliyeidhinishwa na mamlaka ya anga. Barua ya daktari mwengine yeyote, hata bingwa, haitoshi.

Daraja la Kwanza linataka kila jicho lisome 6/9 au bora zaidi, na macho mawili pamoja 6/6. Maana ya 6/9 ni kwamba unachokisoma ukiwa mita 6, mwenye macho mazima hukisoma akiwa mita 9. Miwani haimzuii mtu, ila ataruka akiwa ameivaa na jozi ya akiba iwe karibu na mkono. Kinachowaangusha watu bila kutarajia ni rangi, kile kitabu cha madoadoa chenye namba ndani yake. Mtu anaweza kuishi miaka 20 asijue kuwa nyekundu na kijani zinamchanganya. Kipimo hicho huchukua dakika chache, kwa hiyo kiwe cha kwanza kabisa. Masikio hupimwa kwa mashine, kila sikio peke yake: upungufu usizidi desibeli 35 kwenye 500, 1,000 na 2,000 hezi, wala 50 kwenye 3,000. Moyo hupimwa kwa ECG, mashine inayochora mapigo yake. Mwenye kisukari anayechoma insulini, kwa kiwango cha ICAO, hapiti.

Cheti chenyewe huisha. Cha CPL hudumu miezi 12. Mwenye miaka zaidi ya 40 anayepakia abiria wa kulipa akiwa rubani peke yake ndani ya ndege hupimwa kila miezi 6, na hao ndio makapteni wa Caravan zetu. Cha PPL hufika miezi 60, kikishuka hadi 24 mtu akivuka 40. Leseni mfukoni na cheti kilichopitwa na siku moja ni sawa na kutokuwa na leseni. Ndivyo ilivyo hasa, si maneno ya kutishana.

Baada ya hapo huja kibali cha rubani mwanafunzi, ambacho hakina mengi: kinakuruhusu kuruka peke yako kwa idhini ya mwalimu, bila abiria. Kazi yenyewe ni PPL. Umri miaka 17, saa 40 angani (35 zikiwa za chuo kilichoidhinishwa), katika hizo 10 za kuruka peke yako, na ndani ya hizo 10, tano za safari za mbali. Safari moja lazima ifike kilomita 270, na utue ukasimama kabisa kwenye viwanja viwili tofauti na ulikoanzia.

Sharti hilo la kilomita 270 linafaa kuchorwa kwenye ramani yetu, kwani ndipo hesabu huharibika. Kutoka uwanja wa Abeid Amani Karume hadi uwanja wa Pemba pale Wawi ni kiasi cha kilomita 125 kwa mstari ulionyooka. Kwenda na kurudi ni 250: pungufu ya 20, na uwanja mmoja tu. Anayeiandika safari hiyo kwenye daftari amekosa masharti mawili kwa pamoja. Pembetatu ya Unguja, Pemba, Tanga na kurudi Unguja inatoa 125, kisha 84, kisha 127, jumla kama 336, na viwanja viwili vimepatikana. Hiyo inatosha na ziada.

Ila usisahau maji. Kati ya Nungwi na ncha ya kusini ya Pemba kuna kilomita kama 50 za bahari tupu, na ndege ya mafunzo ya injini moja ikizimika huteleza kwa kadiri ya urefu iliyonao. Cessna 172 huenda kiasi cha maili 1.5 za baharini kwa kila futi 1,000. Ukiwa futi 8,000 una maili 12. Katikati ya mkondo huo nchi kavu iko maili kama 13 kila upande. Maboya ya kuvaa yawe mwilini tangu kabla ya kuwasha injini, na mwanafunzi awe ameyajaribu. Yakiwekwa chini ya kiti cha nyuma hayamfikii mtu aliyeshika usukani kwa mikono miwili.

Masomo ya darasani ya PPL ni tisa: sheria za anga, ndege na mitambo yake, uwezo wa ndege na upakiaji, mwili na akili ya rubani, hali ya hewa, uelekezaji wa safari, taratibu za uendeshaji, kanuni za kupaa, na mawasiliano ya redio. Watoto wa pwani hulidharau lile la hali ya hewa kwa kudhani wanaijua bahari. Kweli wanayo nusu yake. Njia ya kurukia ya Unguja ina namba 18 upande mmoja na 36 upande wa pili, yaani digrii 180 na 360 za dira baada ya kukata sifuri ya mwisho. Kusi likivuma ndege huruka na kutua zikielekea kusini, kwa 18. Kaskazi likiingia, mambo hugeuka na kuwa 36. Nahodha wa dau angelielewa hilo bila kufundishwa. Nusu ya pili, ile ya kusoma ripoti za hali ya hewa zilizoandikwa kwa vifupisho na kuamua kutoruka, haina urithi.

Kwenye redio, Kiingereza. Kipimo cha lugha kina ngazi 6 na anayeruka nje ya nchi anahitaji angalau ya 4. Hupimwa mambo sita: matamshi, sarufi, msamiati, ufasaha, kuelewa na kujibizana, na alama yako ya mwisho ni ile ya chini kuliko zote, si wastani. Mwenye 5 kila pahala na 4 kwenye matamshi ni mtu wa 4. Ngazi ya 4 hurudiwa kila miaka 3, ya 5 kila miaka 6, na ya 6 hairudiwi.

Sasa daftari la safari. Mali bila daftari hupotea bila habari, na saa za rubani ndizo mali yake. Muda wa ndege huhesabiwa tangu ndege inapoanza kusogea kwa nia ya kuruka hadi inaposimama kabisa mwisho wa safari. Kungoja abiria injini ikiwa imezimwa hakumo. Wengi huandika kwa desimali, dakika 6 zikiwa 0.1, ukichanganya mtindo huo na ule wa saa na dakika kwenye ukurasa mmoja, jumla haitapatana kamwe.

Mswahili ana mtego wake wa ziada. Anga yote hutumia saa ya Zulu, yaani saa moja ya dunia nzima (UTC), ambayo iko nyuma yetu kwa saa 3, na sisi tuna saa yetu inayoanza alfajiri. Kanuni nyepesi: kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, chukua saa ya Kiswahili ujumlishe 3. Saa tatu asubuhi ni 0600 Zulu, saa nane mchana ni 1100. Ukijumlisha 6 umepata saa ya hapa ya kizungu, na hiyo ndiyo watu huiandika kwa makosa kwenye mpango wa safari, ndege ikangojwa saa 3 baada ya kufika.

Na usiku, kwa daftari, hauanzi jua linapozama. Kwa tafsiri ya ICAO huanza jua likiwa digrii 6 chini ya upeo. Kwa latitudo yetu hiyo ni kama dakika 21 hadi 23 baada ya kuzama. Adhana ya magharibi inapolia bado ni mchana wa daftari. Watu wanapotoka mskitini usiku umeshaingia au uko mlangoni. Isha iko mbali mno, anayeisubiri hupoteza saa zake.

CPL ndiyo leseni ya ajira. Miaka 18, saa 200 (zinashuka hadi 150 kwa kozi kamili ya chuo kilichoidhinishwa). Ndani yake saa 100 ukiwa rubani kiongozi, yaani mwenye dhamana ya ndege, au 70 kwa kozi kamili. Saa 20 za safari za mbali ukiwa kiongozi. Saa 10 za mafunzo ya kuruka kwa vyombo, yaani kwa kusoma saa na mishale ya ndani ya ndege bila kutegemea kuona nje. Na kwa anayetaka kuruka usiku, saa 5 za usiku zenye kuruka mara 5 na kutua mara 5. Marekani kwa njia ya kawaida hutaka 250. Safari ndefu ya lazima kwa CPL ni kilomita 540, na hata ukizunguka Unguja, Pemba, Tanga, Dar es Salaam na kurudi unapata kama 480 tu. Ongeza Mafia kati ya Dar es Salaam na Unguja, jumla inavuka 700.

Kati ya saa 40 na 200 kuna jangwa la kukusanya saa, na humo ndimo huzaliwa "saa za kalamu", zilizorushwa mezani. Hukamatwa kirahisi: kila ndege ina kitabu chake cha kiufundi, na saa za injini ndani ya kitabu hicho hulinganishwa na za daftari lako. Ikionekana umeruka siku ndege ilipokuwa gereji, hawafuti saa hiyo moja. Wanaacha kuamini zote.

CPL peke yake bado haitoshi kupata kazi, na hili halisemwi vya kutosha kwenye vipeperushi vya vyuo. Leseni hubandikwa reitingi, yaani idhini za ziada za ndege au kazi fulani. Ipo ya daraja la ndege: injini moja au zaidi, ya nchi kavu au ya majini. Ipo ya aina maalumu, inayotakiwa kwa kila ndege iliyothibitishwa kwa marubani wawili, kama ATR, na nchi inaweza kuidai hata kwa ndege ya rubani mmoja ikiona haja. Ipo ya ualimu. Na ipo ya kuruka kwa vyombo, ambayo bila hiyo CPL yako inaishia nje ya wingu. Masika yakishuka na wingu likalala kati ya Mkokotoni na Pemba, asiyekuwa nayo anabaki chini, na mwajiri hamlipi mtu abaki chini. Inataka saa 50 za safari za mbali ukiwa kiongozi na saa 40 za vyombo. 20 kati ya hizo, au 30, zinaweza kuwa za chini ardhini kutegemea mashine ya mafunzo ni ya kiwango gani. Ukitaka kuitumia kwenye ndege ya injini mbili lazima ufundishwe vyombo ndani ya ndege ya injini mbili. Kwa hiyo zichukue pamoja, kwa saa zilezile. Anayezitenganisha hulipa mara mbili.

Hata leseni iliyokamilika hulala usingizi: ili kupakia abiria unatakiwa uwe umeruka na kutua mara 3 ndani ya siku 90 zilizopita. Mwenye kurudi na CPL akakaa nyumbani miezi minane akipeleka barua za maombi atahitaji saa za kujikumbusha, na bei yake iwekwe kwenye bajeti tangu mwanzo.

ATPL: miaka 21, saa 1,500. Watu huikumbuka hiyo 1,500 na kusahau yaliyomo. Kuna saa 250 za kuwa kiongozi (zipo njia za kuhesabu zile za chini ya usimamizi), 200 za safari za mbali, 75 za vyombo ambazo zisizidi 30 za ardhini, na 100 za usiku. Kijana mwenye 200 anayepata kazi ya kurusha Caravan kati ya Unguja na Dar es Salaam ana saa 1,300 mbele yake. Kwa dakika 20 kila safari, hizo ni safari 3,900. Atazifikisha. Kinachomchelewesha ni usiku na vyombo, kwa sababu kazi nyingi za ndege ndogo visiwani ni za mchana, jua likiwaka. Utamkuta mtu ana 2,500 jumla na usiku 40. Aanze mapema kuomba safari za usiku na kufuatilia safu hizo mbili kila mwezi.

Kuna kipengele kingine chungu kwa wanaoanza kiti cha kulia cha Caravan. Ndege ikiwa imethibitishwa kwa rubani mmoja, ila nchi inataka wawe wawili, msaidizi huhesabiwa nusu tu ya saa zake kuelekea leseni ya juu. Saa 600 zinakuwa 300. Nchi inaweza kuruhusu zote kwa masharti fulani, kwa hiyo liulizwe kwa maandishi kabla ya kusaini mkataba wa kazi.

Utasikia pia ya "ATPL iliyoganda". Hiyo si leseni. Ni CPL ya mtu aliyefaulu mitihani yote ya nadharia ya ATPL na bado anasubiri saa. Na MPL, leseni ya rubani wa ndege za marubani wawili, iliyoingia kwenye kanuni za ICAO mwaka 2006, humtoa mwanafunzi moja kwa moja hadi usaidizi wa ndege kubwa kwa saa 240, nyingi zikiwa za simuleta, mashine ya ardhini inayoiga ndege. Ni nzuri pale shirika la ndege limeshakushika mkono. Kwa kijana anayerudi kutafuta kazi ya Caravan, MPL inamfungia mlango, kwani haimpi ukapteni wa ndege ya rubani mmoja bila masharti mengine.

Waliosomea nje, iwe Nairobi pale Wilson, Afrika Kusini au Marekani, wajue kifungu cha 32 cha Mkataba wa Chicago: rubani wa ndege inayovuka mipaka awe na leseni iliyotolewa au kuthibitishwa na nchi ilikosajiliwa ndege. Ndege zetu husajiliwa kwa herufi zinazoanzia 5H, kwa hiyo leseni yako ya nje itabadilishwa au kuthibitishwa TCAA. Kuthibitishwa ni kwa muda na hufuata uhai wa leseni ya asili. Ikifa ile, na hii imekufa. Anayetaka kuishi kwa kazi hii hapa abadilishe.

Mamlaka ya huku itaiandikia ile ya huko kuuliza kama leseni ni ya kweli, na jawabu huchukua muda wake. Kwa hiyo, kabla ya kupanda ndege ya kurudi, hakikisha jina kwenye leseni ni lile la pasipoti, herufi kwa herufi. Majina yetu matatu, yenye Khamis huku na Hamis kule, yamewakwamisha wengi. Kila ukurasa wa daftari uwe na jumla, saini ya mwalimu na muhuri wa chuo. Pata nakala ya fomu za mitihani ya angani na matokeo ya nadharia, somo kwa somo. Karatasi ambayo karani wa chuo angekupa kwa dakika tano ukiwa umesimama mbele yake, ukiiomba kutoka Chake Chake inaweza kuchukua mwaka.